Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kitenzi "kupandikiza" kilikuwa cha shambani kabla hakijawa cha hospitalini. Mkulima hung'oa mche kitaluni, huchimba shimo, akautia palepale anapotaka uote. Ndiyo sababu watu wengi, wasikiapo kwamba mgonjwa atapandikizwa uboho, hufikiri kwamba mfupa wake utapasuliwa na kujazwa uboho wa mtu mwingine. Neno ni zuri, nasi twalifundisha. Lakini hapa lataka ufafanuzi.

Haja hiyo tumeiona karibu nasi. Mwanafunzi wetu mmoja ana ugonjwa wa selimundu, na maumivu ya mifupa yalikuwa yakimkosesha masomo wiki nzima. Tangu mwaka 1984, ilipotangazwa huko Marekani kwamba mtoto aliyepandikizwa uboho kwa ajili ya saratani ya damu alipona na selimundu pia, tiba hii imewafaa wagonjwa wengine. Wazazi wa mwanafunzi wetu waliambiwa kwamba dada yake amelingana naye kwa vipimo. Wakatujia na karatasi ya maelezo mkononi, wakauliza: "Walimu, ina maana watoto wetu wawili watapasuliwa mifupa?" Mama alikuwa karibu kukataa.

Hawapasuliwi. Mtoaji hulazwa kwa dawa ya usingizi, na uboho huvutwa kwa sindano katika mfupa wa nyonga. Nyonga humuuma siku kadhaa, na mwili hufidia uboho huo baada ya wiki chache. Mgonjwa naye hupewa kwanza dawa kali za kuuondoa uboho wake, na hapo pana hatari isiyofaa kufichwa, maana kwa muda hubaki bila kinga. Kisha seli shina za dada humiminwa katika mshipa wake, kama atiwavyo damu.

Basi nani huzionyesha njia? Seli za uboho wa mwenyeji hutoa protini iitwayo CXCL12, na seli shina zina kipokezi chake, CXCR4. Mwito huo husikika katika mishipa midogo ya mifupani. Huko seli ipitayo hunaswa kidogo ukutani, hubingirika polepole, hushika imara, kisha hujipenyeza ukutani hadi ndani. Nyingine hupotelea katika mapafu, ini na wengu. Zilizofika hukaa, hugawanyika, na kwa kawaida baada ya wiki mbili hadi nne chembe nyeupe mpya huonekana katika damu.

Mwaka 1999 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba kipokezi hicho kikizibwa, seli shina za binadamu hushindwa kukaa katika uboho wa panya. Dawa ya plerixafor, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, hutumia siri hiyohiyo kinyume: huziba kipokezi ili seli zitoke mifupani na kuingia katika damu, zikusanywe huko bila kuchoma nyonga.

Waingereza huiita safari hii kwa neno lenye maana ya kurudi nyumbani. Sisi twaona Kiswahili kina neno la kweli zaidi, "kufikia", kama mtu anavyofikia kwa mjomba wake. Seli ya dada hairudi kwao, kwani haijapata kuwamo katika mwili huo. Ni mgeni, na mwenyeji humwita kabla hajapiga hodi. Wageni huweza pia kumgeukia mwenyeji wao na kumshambulia, na kwa hiyo madaktari hulinda ugeni huo kwa dawa kwa miezi mingi.

Wazazi wale walirudi kwa daktari wakiwa na maswali matatu waliyoyaandika kwa Kiswahili, na uamuzi umebaki kuwa wao. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba wakikataa au wakikubali, wamekataa au wamekubali jambo lenyewe, si kivuli cha neno. Yafaa, ndugu walimu, tunapofundisha "kupandikiza" tufundishe na "kufikia".