Boti ya Kizingitini

Boti ya Kizingitini haikuwa na saa ya kuondoka Lamu. Iliondoka maji yakijaa, leo asubuhi, wiki ijayo alasiri, na aliyechelewa alilala mjini. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 90. Ami yangu alikuwa mchuuzi wa kamba mawe, akiwapelekea wenye hoteli, na shule zikifungwa alinichukua nimshikie daftari la hesabu. Hivyo ndivyo nilivyoijua ncha ile ya kisiwa cha Pate, kwa Wabajuni.

Maji yalisubiriwa kwa sababu ya Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mikoko huku, mikoko huku, na katikati njia ambayo maji yakipwa hubaki tope. Tulipoingia pale nahodha alipunguza mashine, na baharia akasimama omoni na upondo, akidunga chini na kuashiria kwa mkono: kulia kidogo, nyoosha, taratibu. Ndani tulibanana na magunia ya unga, madumu ya mafuta, kuku waliofungwa miguu, na kina mama waliokuwa wamekwisha kujuana nasaba zao kabla Lamu haijapotea machoni. Tukitokea upande wa pili upepo ulitupiga usoni na mazungumzo yakakatika. Wa Pate na Siyu walishukia Mtangawanda. Sisi tuliendelea hadi Faza, mji ulioteketezwa na Wareno mwaka 1587 kwa kumuunga mkono Mir Ali Bey wa Uturuki, kisha ndipo Kizingitini.

Kutoka baharini mji ulipendeza: nyumba za mawe na za udongo zilizosongamana, paa za makuti, na mbele yake mashua zimetia nanga, nyingine zimelazwa ubavu mchangani. Ukishuka, kinachokulaki ni harufu ya sifa, mafuta ya papa wanayopaka mbao za chombo zisipasuke kwa jua. Mgeni huziba pua. Mimi mpaka leo nikiinusa popote, njaa hunishika, kwa kuwa nyumba tuliyofikia ilikuwa karibu na mafundi, na mwenyeji wetu hakukubali daftari lifunguliwe kabla hatujala wali wa nazi na samaki wa kupaka.

"Ndoo, mwanangu, keti," aliniambia. "Kamba hawakimbii, wako kwenye maji."

Na kweli walikuwa majini, ndani ya matenga yaliyozamishwa, wakisubiri mnunuzi. Jinsi walivyovuliwa ndiyo iliyonishangaza. Mzamiaji huvaa miwani ya maji na kuchukua pweza aliyefungwa kwenye ncha ya fimbo. Akifika kwenye pango la matumbawe, humwingiza pweza polepole. Kamba hamwogopi mtu kama anavyomwogopa pweza, maana pweza ndiye anayemla. Hutoka kinyumenyume kwa kasi, na mkono au kimia kiko mlangoni kinamngoja. Yote haya kwa pumzi moja. Kijana mmoja alinionyesha viganja vyake: miiba ya kamba ilikuwa imevichora mistari myeupe iliyokwisha kupona na mingine myekundu juu yake. Niliona aibu ya vidole vyangu vya wino.

Kazi hiyo ilitaka kaskazi, miezi ile bahari ikitulia na maji kung'aa hata ukaona chini. Kusi likianza, bahari ya nje ya miamba ilichafuka, na wazamiaji wengi wakageukia nyavu upande wa ndani au wakakaa pwani kutengeneza vyombo. Niliwahi kukuta fundi akitia kalafati: anaokota uzi wa pamba, anaupenyeza kwenye kiungo cha mbao mbili kwa patasi butu, anagonga, anasikiliza mlio, anagonga tena. Alisema mlio ukiwa mzito, pamba imeshika. Chini ya chombo alipaka deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta. Ami alinivuta mkono mara mbili na sikuondoka.

Bei, nakumbuka, ilikuwa ugomvi wa kila safari. Mvuvi alijua kamba wake ataliwa mbali kwa fedha asizoziona, na ami alijua kwamba barafu ikiyeyuka kabla ya Lamu, hasara ni yake. Walipatana kwa kuchoka.

Leo ukitoka Mkanda macho yanakutana na winchi za bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wake. Ni haki yao, wala sioni kama ni nyingi. Mzamiaji anayejua kila pango kwa alama za miti ya pwani amejifunza tangu utotoni, na ujuzi huo hautumiki bahari nyingine.

Msomaji, ukitaka kwenda, nenda wakati wa kaskazi, uliza habari za maji kabla ya kulipa nauli, na ukifika usipige picha kwanza. Salimia, kaa, kula.