Mchungaji Huhama, Mathe Hubaki

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa 2, nikarudi kwa mathe. Yeye ni karani wa kanisa mtaani kwetu hapa Nairobi. Tangu nianze kumsaidia kuchapa barua, nimeona mambo ambayo wasee wa Jumapili hawaoni.

Mchungaji akihamishwa huwa kuna sherehe. Keki, zawadi, hotuba ndefu. Wiki inayofuata mgeni anapokelewa kwa vigelegele. Jumatatu kila mtu ameenda kazi, na mathe amebaki na ofisi.

Mwaka jana mchungaji na kamati walibadilika mwezi mmoja. Sasa sikia. Benki haikutaka kuona hundi yoyote mpaka watia sahihi wapya walete kumbukumbu za mkutano uliowachagua, vitambulisho na PIN za KRA. Mweka hazina wa zamani alikuwa ameangushwa kwa kura, amenuna, hashiki simu. Kulikuwa na harusi karibu, na kisheria mchungaji lazima awe na leseni ya serikali ndio afungishe ndoa. Kwa hivyo mathe alimuuliza mgeni kuhusu leseni kabla hata ya kumkaribisha chai. Bili ya stima ikafika. Soja wa geti akauliza mshahara. Mathe pia hakuwa amelipwa, lakini hiyo hakuitaja.

Halafu mwenyekiti mpya akaingia ofisini. "Mama, mambo ya zamani tumeyafunga."

Nilitaka kumjibu. Mathe akanikanyaga mguu chini ya meza. "Sawa mwenyekiti," akasema, akamfungulia kabati, akamtolea daftari.

Kila kitu kiko humo. Nani ana funguo gani. Namba ya fundi wa spika. Rejista za ubatizo zimewekwa wapi. Deni la viti limebaki ngapi. Amefanya kazi na wachungaji 5, na wote wamesaidika na hilo daftari.

"Nilipoingia sikuachiwa hata karatasi moja," aliniambia tukienda nyumbani. "Nilikaa pale nikalia. Sikutaka mwingine alie."

Nikamuuliza, "Na huogopi? Ukishawapa kila kitu, si watakutoa waweke mtu wao?"

"Wanaweza. Lakini nikificha, anayeumia si mwenyekiti. Ni soja."

Nilinyamaza, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na paswadi ya ukurasa wa kanisa Facebook. Nilikuwa nimeamua sitoi, wanitafute wakinihitaji. Nilijiambia ni heshima naitafuta. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimenuna kama yule mweka hazina. Usiku huo nilimtumia katibu mpya.

Mathe bado yuko ofisini, lakini hajahakikishiwa chochote. Daftari ameanza lingine.

Kwa hivyo wewe uliye kwa kamati ya vijana, kwaya, chama au ploti: andika vitu chini kabla utoke, hata kama umetoka na hasira.

Na karani wa kanisa lenu anaitwa nani? Mmewahi kumwombea kwa jina?