Imebaki Kidogo

Tulikuwa wachungaji wawili wa usharika mmoja, wageni wa Walutheri wenzetu huko Japani. Jioni moja mwenyeji wetu alitupeleka Akihabara, mtaa wa Tokyo unaojulikana kwa maduka ya vifaa vya umeme na michezo, akatuacha nusu saa akanunue mahitaji yake. Tukaingia kwenye jengo lililojaa masanduku ya kioo. Ndani yake midoli, juu yake mkono wa chuma unaning'inia. Unatumbukiza sarafu ya yeni 100, unausogeza mkono kwa vitufe, unashuka, unafumba kucha zake, unanyanyua. Au haunyanyui.

Tulimchagua dubu wa kahawia, kwa ajili ya watoto wa Shule ya Jumapili, ndivyo tulivyojiambia. Sarafu ya kwanza ikapotea. Ya pili, dubu aliinuka kabisa, tukapiga kelele, akaponyoka karibu na tundu. Mmoja wetu akasema, "Imebaki kidogo." Tangu hapo tuliacha kuhesabu. Binti mmoja mfanyakazi alifungua kioo akamsogeza dubu, kama wanavyofanya kule wakimwona mteja anahangaika. Tukainama kumshukuru, tukaenda kuchenji noti nyingine. Nguvu ya zile kucha hupangwa na mwenye mashine, na tulilijua hilo, maana mwenyeji alitueleza njiani. Kujua hakukutusaidia kitu.

Zilikwenda yeni 2,900. Nazo zilikuwa posho tuliyochangiwa na washarika, wengine wao wauza mboga.

Ndani ya treni hakuna aliyezungumza. Miezi michache kabla ya safari tulikaa na wazee wa kanisa tukamsimamisha kijana wa kwaya kwa sababu alibeti ada yake ya chuo. Alijitetea, "Baba Mchungaji, mkeka ulichanika kwa timu moja tu." Tulimwona hana akili, na mmoja wetu alimwambia hivyo mbele ya wote.

Tuliporudi tulikwenda nyumbani kwao. Tulimwomba radhi kwa neno lile, kisha tukamsimulia habari za dubu, mama yake akisikia. Kijana alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akauliza taratibu, "Sasa mliachaje?"

Tukamwambia ukweli. Hatukuacha. Mwenyeji wetu alirudi, akasema tutachelewa treni.