Silikanti kaniumbua mbele ya mkaguzi

Najua nimepotea, BTP imenibana huku Mafia na bumu lilishakata kitambo. Ngoja niwape kisa cha juzi.

Kipindi cha baiolojia, kidato cha nne, mada visukuku. Nilianza vizuri jamani! Nikaingia na jiwe la matumbawe, haya haya ya kujengea nyumba huku, ukilitazama karibu unaona makombe yamegandia ndani. Nikawaambia hili zamani lilikuwa chini ya bahari. Darasa kimya, mkaguzi kutoka chuo yuko nyuma anaandika. Nikajiona nimeshafaulu.

Basi nikamtaja silikanti. Kama desa langu lilivyosema, nikasema alitoweka pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, tunamjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu. Dogo mmoja akanyoosha mkono: "Madamu, mbona baba mdogo anasema alinaswa Songo Mnara?" Darasa likacheka. Na mimi (aibu hii!) nikamwambia asituletee stori za kijiweni.

Usiku nikasoma. Duh! Desemba 1938 alivuliwa mmoja Afrika Kusini, akaonwa na dada wa makumbusho ya East London, Marjorie Courtenay-Latimer, ndiyo maana kisayansi anaitwa Latimeria. Na Septemba 2003 akanaswa Songo Mnara, Kilwa, hapo kusini yetu tu! Kuanzia 2004 Tanga wakanaswa wengi kwenye jarife, hadi 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake.

Kilichoniacha hoi ni hiki: visukuku vya ukoo wake vina umri hadi miaka milioni 400 hivi, na vingi vimetoka kwenye miamba iliyokuwa bahari za kina kifupi. Huyu wa leo anakaa mita zaidi ya mia chini, mapangoni. Mvuvi wa maji ya kina kifupi angemwonea wapi? Mpaka jarife zilipotegwa kina kirefu.

Kesho yake nikaomba dakika kumi za kipindi cha mwenzangu. Nikamwita dogo mbele, nikamwomba radhi darasa zima likisikia, nikampa chaki achore alivyosimuliwa. Akachora mapezi manene kama miguu, sawasawa kabisa. Akageuka: "Sasa madamu, kama yupo hai, kisukuku vipi?" Tukabishana hadi kengele.

Mkaguzi hakuyaona hayo. Alishapanda boti alfajiri, na alama zangu mkobani.