Kibwagizo Kimoja, Beti Ishirini

Usiku mimi hutunga mashairi. Mchana kazi yangu ni kutunza seva. Huko nako nimeyakuta maneno mawili tuliyoyazoea sisi watunzi: kumbukumbu na ukurasa.

Kompyuta huigawa kumbukumbu yake katika kurasa zilizo sawa, aghalabu za kilobaiti 4. Seva moja ikibeba mashine pepe nyingi zenye mfumo ule ule, kurasa nyingi hufanana kabisa. Tangu 2009, kiini cha Linux kina ufundi wa kuzitafuta kurasa pacha na kubakiza nakala moja isomwayo na mashine zote. Ndivyo tufanyavyo na kibwagizo: twakiandika kizima katika ubeti wa kwanza, kisha twadokeza neno lake la mwanzo tu, na msomaji akajaza.

Ukurasa mkubwa wa megabaiti 2 ni sawa na kurasa ndogo 512, nao humpunguzia prosesa kazi ya kutafuta anwani. Lakini kadiri ukurasa unavyorefuka, ndivyo pacha wake anavyoadimika: baiti moja tu ikitofautiana, ufanano wote umevunjika. Kibwagizo hurudiwa kwa kuwa ni kifupi. Ubeti mzima haurudiwi.

Kwa tamaa ya ushirika huo, nilichagua kurasa ndogo. Katika seva ya gigabaiti 64 niliweka mashine 20, kila moja nikiiahidi gigabaiti 4. Ahadi 80, akiba 64. Kwa miezi kadhaa mambo yalikuwa shwari. Usiku mmoja mashine zote zikaanza kujisasisha kwa wakati mmoja. Kanuni ni kwamba anayeandika juu ya ukurasa wa ushirika hupewa nakala yake mwenyewe. Zote ziliandika. Kumbukumbu ikajaa, kiini kikaizima mashine moja ili nyingine zipumue. Ilikuwa ya mteja aliyeniamini, na kazi yake ambayo ilikuwa haijahifadhiwa ikapotea.

Nilimwomba radhi. Kosa lilikuwa langu: niliugeuza ushirika kuwa mali, nikaiuza. Sasa siahidi zaidi ya nilichonacho. Kinachookolewa na kurasa pacha nakiacha kiwe akiba.

Limebaki deni moja la lugha. Tendo hilo la ukurasa kujitenga pale unapoandikwa tuliiteje? Nimejaribu “nakili uandikapo”, lakini halijanikaa ulimini. Mwenye neno bora na alilete.