Kuchuja Maziwa Mgando: Tuliyojifunza Busia na Tororo

Mwezi uliopita sisi walimu wa kujitolea tulipata nafasi ya kutembea hadi mpakani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kusafiri ndani ya nchi, basi tukaenda kutafuta elimu ya jikoni.

Tulianzia Busia, mji mmoja wenye nchi mbili. Huku Uganda, kule Kenya, katikati malori foleni ndefu. Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi Februari 2018, msafiri anakaguliwa mahali pamoja tu, upande anaoingia. Hata neno bodaboda inasemekana lilizaliwa huku miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakipeleka watu kutoka boda hadi boda. Sisi hatukuvuka. Tulisimama na wauza maziwa upande wa Uganda, tukaanza kubishana kwa kicheko: Mganda anasema bongo, Mkenya maziwa lala, Mtanzania mtindi, na ndugu zetu wa Kivu mashanza. Majina manne, chakula kimoja!

Kutoka Busia hadi Tororo ni kama kilomita 30, na lile jiwe kubwa la Tororo unaliona kabla hujafika mjini. Wilaya hiyo ndiyo yenye Mulanda, ambako Wakenya waliokimbia fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walipokelewa mwanzoni mwa 2008, kabla wengi hawajahamishiwa Kiryandongo. Baadhi yetu tulipita huko tukiwa tumebebwa mgongoni.

Tororo tulimkuta mama mmoja anayechuja lita 20 nyumbani kwake, bila friji. Alituambia hivi: mvua ikinyesha nyasi ni nyingi, maziwa ni mengi, lakini wanunuzi ni walewale. Yasipouzwa asubuhi, jioni ni hasara. Ndo maana anayagandisha na kuyachuja.

Kazi yake ni hii. Maziwa anayachemsha mpaka yafure, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta bruselosisi na hata kifua kikuu. Halafu anayaacha yapoe mpaka kidole safi kivumilie ukihesabu moja hadi kumi. Yakiwa moto zaidi ya hapo mbegu inakufa, yakipoa sana hayagandi vizuri. Mbegu ni maziwa mgando mazuri ya jana: kwa lita 20 anatia nusu lita hivi, akiyalainisha kwanza kwa maziwa yaleyale ya vuguvugu. Anafunika sufuria, anaizungushia blanketi, na hakuna kuitikisa mpaka asubuhi.

Kuchuja ndiko tulikokodolea macho. Kitambaa ni marekani nyeupe, imechemshwa na kuanikwa juani. Hamimini lita 20 zote kwa mkupuo! Anagawa mafungu manne ya lita tano, kila fungu na kitambaa chake na ndoo yake. Fungu likiwa kubwa, maziwa ya pembeni yanashikana na kitambaa na kuziba njia, ya katikati yanabaki maji na kuzidi uchachu. Hakamui kwa mkono. Kila baada ya muda anakwangua pembeni kwa kijiko, maji yashuke. Baada ya saa tatu hivi, lita tano zimebaki kama mbili na nusu, nzito hadi kijiko kinasimama. Akitaka yakae zaidi, anatia chumvi na kuyaning'iniza usiku kucha. Ya kuuza anayaweka katika sufuria ndani ya beseni la maji, juu kitambaa kibichi, kivulini.

Na yale maji ya rangi ya kijani-manjano? Jamani, tusimwage. Yeye anapikia uji, anakandia unga wa chapati, yanayobaki wanakunywa nguruwe.

Kwa nini tunawaandikia haya? Mgao wetu umepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na maziwa hayamo. Lakini majirani wenye ng'ombe wapo, na msimu wa mvua bei inashuka. Akina mama watano wakichanga lita moja moja, sufuria moja na kitambaa kimoja, jioni kila nyumba ina kikombe kizito cha kuchanganya kwenye uji wa watoto, na maji ya kukandia. Mtoto asiyefikisha miezi sita apewe ziwa la mama tu.

Anzeni na lita tano, msianze na 20. Na kabla hamjala, tengeni vijiko vichache vya mbegu ya kesho.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.