Moyo Ukisharudi: Neno "Kufufua" na Mzigo Wake

Wahenga walinena kwamba kutangulia si kufika. Kauli hii nimeiona ikisadifu wodini. Mnamo 2019, jirani yetu hapa Landless, mjini Thika, alikuwa amelazwa hospitalini moyo wake uliposimama. Wauguzi walikibonyeza kifua chake, wakamshtua kwa umeme, na moyo ukaanza kupiga tena. "Amefufuka!" jamaa walishangilia, wakaanza kuulizia siku ya kumpeleka nyumbani.

Daktari alieleza kwa Kiingereza, nami nikaombwa kufasiri. Hapo ndipo nilipohisi uzito wa neno hilo. Katika Kiswahili, aliyefufuka huinuka akaenda zake. Neno lenyewe halibakishi kazi. Ilhali tangu 1972, tabibu wa Kisovieti Vladimir Negovsky aliiona hali inayofuata kuwa ugonjwa wa pekee. Ubongo uliokosa damu huendelea kudhurika hata damu ikirudi, na moyo wenyewe huwa mnyonge. Kwa hivyo mgonjwa husaidiwa kupumua kwa mashine, oksijeni ikapimwa isipungue wala kupita kiasi, shinikizo la damu likalindwa lisishuke.

Mkewe aliniuliza, "Mwanangu, mbona wamemwacha bila blanketi kama asiye na watu?" Nilimfasiria jibu la daktari: homa huuzidishia ubongo madhara. Tafiti mbili za 2002 zilihimiza mwili upozwe hadi kati ya nyuzi 32 na 34; utafiti mkubwa wa 2021 haukuona kwamba kupoza hadi nyuzi 33 kunaokoa wengi kuliko kuzuia homa tu. Aliuliza pia iwapo mumewe angemtambua. Jibu lilikuwa kungoja: kwa mgonjwa ambaye hajazinduka, aghalabu hukumu kuhusu ubongo haitolewi kabla ya saa 72.

Mzee alizinduka, akarejea Landless. Huwatambua wanawe, lakini husahau kama amekwisha kula, na hukasirika akikumbushwa. Jamaa waliokuja kusherehekea ufufuo walirudi makwao. Mkewe amebaki akiuguza.

Naam, "kuuguza" ni neno letu la asili, nalo lina subira ambayo "kufufua" halina. Napendekeza tendo la dakika zile tuliite "kurejesha mapigo ya moyo", na yote yafuatayo tuyaite uuguzaji. Wanaistilahi wenzangu, tukilitaja tendo kwa kadiri yake, mke aliyeketi kando ya kitanda atajua tangu siku ya kwanza kwamba safari ingali mbele.